Trekta ya Butihinda Haijawahi Kupinduka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amenituma nimwakilishe na hivyo ninajisalimu mwenyewe kwa niaba yake. Bwana Simoni, mkuu wa kilima hiki. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Trekta, wa Kamati Ndogo ya Trekta na wa Kamati Ndogo ya Grisi. Wachungaji, makatekista na wanakwaya. Wazee wenye fimbo na wazee ambao bado hamjahitaji fimbo. Kina mama mliokaa kwenye majani kwa sababu viti vimetosha wajumbe tu. Ndugu zetu wafanyabiashara kutoka Kivu mliosimamisha biashara ili mnisikilize. Na nyinyi wananchi wa kawaida wa Butihinda, ambao nimewaacha mwisho kwa heshima, kwa kuwa hata kwenye harusi mwenye nyumba ndiye hula mwisho: amahoro!

(Wanaitikia: "Amahoro!" Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Na majembe yetu?")

Nimelisikia swali la nyuma na ninalithamini, lakini katika mpangilio wa hotuba hii maswali yako ukurasa wa tisa, na sisi sasa hivi tuko ukurasa wa kwanza, kwa hiyo ninaomba swali hilo lisubiri zamu yake kama wastaarabu wengine wanavyosubiri.

Kwa wasionifahamu, kama wapo, mimi ni Gervasi, Mratibu Mkuu wa Mpango wa Majaribio wa Trekta Ndogo kwa Ardhi ya Milima, Kanda ya Gitega na Muyinga, na kabla ya kupandishwa cheo nilikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na mmoja, ndiyo maana mtaona kwamba jambo silitaji tu, ninalieleza, na nikishalieleza ninalieleza tena kwa yule aliyekaa dirishani. Leo nimetoka nyumbani kwangu Musinzira, Gitega, nikapita milima ambayo sikuihesabu lakini mgongo wangu umeihesabu, ili nizungumze nanyi Kiswahili, maana ninajua wengi wenu mlikulia Tanzania na mmerudi nacho, na pia kwa sababu Kiswahili kina nafasi pana zaidi kwa maneno kama "uratibu" na "uwezeshaji".

(Makofi ya safu ya mbele.)

Ninaanza na historia. Miezi kumi na minne iliyopita tulijenga banda hili la bati lililo nyuma yangu, makazi ya kudumu ya trekta. Wiki sita zilizopita, trekta ilipokuwa imebakiza hatua chache za kiutawala kuwafikia, niliwaeleza kwamba jembe la mkono na trekta haviwezi kukaa kilima kimoja, kwa sababu mkulima mwenye jembe karibu hukata tamaa mapema na kurudia ya zamani. Nanyi, kwa hiari ambayo Bwana Simoni aliwaelekeza nyumba kwa nyumba, mkayaleta majembe yenu yote sitini na manne, tukayafungia humu ndani kwa kufuli, na ufunguo ninao mimi. Nchi nyingi zimeongea juu ya kuachana na jembe la mkono. Ni kilima hiki peke yake kilichoachana nalo siku moja, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

(Minong'ono. Mwanamke wa nyuma anasimama. Ni Emiliana, mjane wa watoto wanne. "Mheshimiwa, mvua ina siku nane. Kilima cha ng'ambo maharage yao yana majani mawili. Mimi mbegu ziko ndani, panya wanazila. Wiki hii ikipita sijapanda, Januari tunakula nini?")

Mama Emiliana, ukurasa wa tisa.

("Mvua haina ukurasa, mheshimiwa." Kicheko.)

Hayo ni mazuri, na yataingizwa kwenye kumbukumbu. Sasa twende kwenye kiini cha siku ya leo, yaani matumizi salama na matunzo ya trekta ndogo kwenye ardhi yenye miteremko, somo ambalo nimelisoma kwa makini na ninaomba kalamu zitoke.

Trekta ndogo ni ndogo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mtu huiona fupi akadhani ni mpole. Lakini mlimani ufupi si upole, maana upana wake nao ni mdogo, na ukiiendesha kwa kuukata mteremko ubavuni, uzito wote huhamia upande wa chini, kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi begani upande mmoja na mguu wa upande huohuo ukakanyaga utelezi. Kwa hiyo kwenye mteremko mkali tunapanda na kushuka wima, na kama njia ya wima haipo, hatulimi hapo. Matairi ya nyuma yatanuliwe hadi mwisho. Upinde wa chuma nyuma ya kiti usimamishwe muda wote, na mkanda ufungwe muda wote, kwa sababu upinde bila mkanda humwacha dereva aruke nje kisha trekta imfuate, na mkanda bila upinde humfunga chini ya kile kinachomwangukia.

(Mzee mmoja wa safu ya kati, Kasiano, ananyoosha mkono na kusimama kabla ya kuruhusiwa. "Hayo ni kweli kabisa, mheshimiwa. Mimi nimeendesha trekta miaka kumi na mmoja kule Tanzania. Na kupanda je, ukiwa na jembe zito nyuma?")

Ninashukuru, Mzee Kasiano, kwa swali la kitaalamu. Ukipanda na uzito nyuma, pua ya trekta huinuka kama mbuzi anayetafuta majani ya juu, na ikishainuka huna muda hata wa kusema jina la mama yako. Kwa hiyo unaweka vyuma vya uzito mbele, unaachia klachi polepole, na pale penye ukali zaidi unapanda kinyumenyume. Na kushuka, unashuka kwa gia ileile ndogo ambayo ungepandia, wala hukanyagi klachi, wala huweki gia huru ili kuokoa mafuta. Mmewaona vijana wa baiskeli wanaoshusha ndizi, wakiiachia baiskeli ijiendee? Mmewaona pia kule chini kwenye kona?

(Kicheko kikubwa. Kasiano: "Umesema vema. Basi lete trekta, nikuonyeshe!")

Tutafika. Abiria hapandi, hata mtoto, hata mkuu wa kilima. Mhimili unaozunguka nyuma ufunikwe kifuniko chake, na kina mama wenye vitenge virefu wakae mbali nao, kwa maana huo ukinasa nguo hauombi radhi. Ukisimama, shusha jembe chini, vuta breki ya mkono, zima injini, toa ufunguo, kisha weka mawe upande wa chini wa matairi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, tazama kijiti cha kupimia oili, tazama maji, tazama upepo wa matairi, kung'uta vumbi kwenye chujio la hewa, na utie grisi kila penye chuchu ya grisi, yaani kile kitundu cha kutilia grisi.

Sasa takwimu, maana mpango bila takwimu ni mazungumzo. Watu ishirini na watano wa kilima hiki wamehitimu udereva. Kwa kuwa trekta ilikuwa kwenye majukumu mengine, mafunzo yalifanyika kwa kiti cha shule, kilichowekwa pale mteremkoni kikielekezwa bondeni, na kila mwanafunzi alifungwa kamba kiunoni badala ya mkanda, akaegemea upande wa juu nilipopiga filimbi. Letisia, yule pale, aliongoza kwa alama tisini na nane. Mbili alikatwa kwa sababu aliuliza trekta iko wapi.

(Letisia: "Nilikaa kwenye kile kiti siku tatu, mheshimiwa! Mume wangu bado ananiita dereva.")

Na anakuita kwa haki. Nikija kwenye matunzo, mlinzi wa banda, Crispin, amejaza daftari la trekta kila asubuhi kwa miezi kumi na minne bila kukosa. Nasoma: "Oili haijapungua. Upepo wa matairi haujapungua. Hakuna bolti iliyolegea." Siku mia nne na ishirini na sita, neno kwa neno. Nionyesheni mpango mwingine wa mashine ambao oili haijapungua! Ajali ni sifuri. Vidole vilivyokatwa ni sifuri. Lita za mafuta zilizoibwa ni sifuri. Trekta ya Butihinda haijawahi kupinduka hata mara moja, na ninalisema hili nikiwa na unyenyekevu ambao wakubwa wangu wameusifu kwa maandishi.

(Makofi ya safu ya mbele, yakakatika katikati. Mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Kivu, Apolline, anasimama na beseni lake. "Pardon, mheshimiwa. We unasema trekta iko wapi sasa?")

Iko Bugendana, mama, kwa wenzenu wa Gitega, kwa zamu.

(Apolline: "Mi juzi nilikuwa Bugendana, ku soko. Banda kama hii iko pale, rangi ni hii hii, kufuli ni hii hii. Nikauliza batu: trekta iko wapi? Bakanijibu: iko Butihinda!")

(Kelele.)

Tafadhali! Tafadhali. Ninaomba nilieleze jambo hili taratibu, kwa sababu linaeleweka. Katika uratibu tuna kitu kinaitwa mzunguko. Wiki ambayo trekta haipo kwenu, inahesabiwa kuwa iko kwao. Na wiki ambayo haipo kwao, inahesabiwa kuwa iko kwenu. Kilichotokea ni kwamba zamu mbili zimeangukia wiki moja. Ni suala la ratiba.

(Emiliana: "Na majembe yao?")

Themanini na moja. Yako salama kabisa.

(Emiliana: "Yaani wao hawajapanda wakitusubiri sisi, na sisi hatujapanda tukiwasubiri wao." Anafunga kitenge kiunoni. "Mzee Kasiano, lile bati la nyuma limepigwa misumari mingapi?" Kasiano: "Haizidi ishirini." Watu wanaanza kusimama.)

Ninaona safu za nyuma zimesimama, na kwa uzoefu wangu hadhira ikisimama katikati ya hotuba ni kwamba imeguswa. Safu ya kati nayo. Asanteni. Bwana Simoni, wewe unaweza kukaa. Bwana Simoni?

(Bwana Simoni, akitembea: "Na langu limo humo, mheshimiwa.")

Ninatambua kwamba kuna shughuli inaendelea nyuma yangu. Ufunguo ninao hapa, upo kwenye mfuko huu, au huu, na ungetolewa kwa barua ya maombi yenye saini tatu. Lakini kwa kuwa mmeshaanza, ninawashauri kama mwalimu: Mzee Kasiano, usivute bati kwa nguvu, litapinda, chomoa misumari ya chini kwanza, uliinue kama ukurasa wa kitabu. Hivyo. Na anayepokea jembe apokee kwa mpini, makali yaelekee chini. Msirushiane majembe! Mtu mmoja aingie, wengine wapange mstari.

(Emiliana, akitoka na jembe: "Hapo sasa umesema, mheshimiwa. Hili ni langu, nilipewa tuliporudi kutoka kambini Tanzania, angalia alama ya moto kwenye mpini." Sauti nyingine: "Na la Paskazia mpelekeeni, mguu unamuuma!" Matone makubwa ya mvua yanaanza kuanguka.)

Mvua, kama mnavyoona, imeanza, na kurasa zangu, kuanzia wa sita hadi wa tisa, zimelowa, kwa hiyo ninalijibu swali la ukurasa wa tisa kwa kichwa: kwa mamlaka niliyopewa, ninatangaza kwamba kuanzia dakika hii wananchi wa Butihinda wanaruhusiwa kulima kwa jembe la mkono. Limetangazwa. Wale mlioanza kulima kabla ya tangazo, mtahesabiwa kama majaribio.

Na kwa kuwa hotuba bila kauli mbiu haijafungwa, itikieni popote mlipo. Milima si kikwazo!

(Anaitikia Crispin, kwa sababu ni kazi yake.)

Mashine kwa kila kilima!

(Crispin.)

Tusonge mbele na trekta!

(Kutoka mteremkoni, sauti ya Letisia: "Sogea wewe, mheshimiwa, umesimama kwenye tuta langu!")

Ninasogea. Imebaki shukrani, na shukrani hainyeshewi. Ninamshukuru fundi Longino wa Musinzira, aliyetuchorea trekta ile nyekundu mnayoiona kwenye bango lililo juu ya banda, kwa kufuata maelezo niliyompa kwa simu, na maelezo hayo niliyatoa kwenye kitabu, kwa kuwa trekta yenyewe hatujawahi kuinunua, wala kupewa, wala kuazima, na mimi binafsi ningefurahi sana siku moja kuikalia. Ninakishukuru kiti cha shule. Ninamshukuru Mama Apolline, ambaye kesho atakaporudi Bugendana ninamwomba awaambie wenzenu kwamba mzunguko umefika kwao, na unaanzia bati la nyuma. Na zaidi ya wote ninawashukuru nyinyi ambao sasa ninawaona migongo tu, mistari sitini na minne ikishuka kilima, maharage yakifukiwa kwenye udongo mweusi uliolowa. Katika rapoti ya robo mwaka nitaandika kwamba kilima kizima cha Butihinda kimelimwa kwa siku moja, bila ajali, bila mafuta, bila malalamiko yaliyoandikwa, na rapoti itapokelewa vizuri. Nitaandika kwamba ni trekta. Hapa kati yetu, nikiwa nimesimama peke yangu na Crispin kwenye mvua hii, ninakiri kwamba trekta, hata kama ingekuwepo, isingeiwahi mvua kama majembe yenu.

Asanteni kwa kunisikiliza.