Kondoo Kumi na Tisa wa Kwenye Fomu

Jumamosi, 3 Agosti

Nimepata mbwa! Yaani, nimepata mbwa kwa majaribio ya wiki moja.

Alikuwa kizimba cha saba katika makao ya wanyama waliookolewa, kule nyuma ya karakana ya matairi. Mweusi, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala kama ukurasa uliokunjwa. Kadi mlangoni: mbwa wa kuchunga kondoo, yupo hapa miezi mitano. Miezi mitano! Wengine wote walibweka. Yeye alipitisha pua kwenye wavu, akaiweka juu ya kidole changu, akaiacha hapohapo.

Sababu zangu lakini ni za kitaalamu. Nimesoma kwamba mtu akitembea na mbwa husalimiwa njiani, na hahitaji kusema lolote kwa sababu watu huongea na mbwa. Mimi juzi nimenunua mkate nisioutaka kwa kuona haya kumwambia muuzaji siyo huo. Habari kama hiyo siwezi kuipuuza.

Fomu ina kurasa nne. Swali la kumi na moja: je, nyumbani kuna mifugo? Taja aina na idadi. Nikafikiri. Mbwa wa kondoo hawezi kupewa mtu asiye na kondoo, hilo liko wazi. Nikaandika: "Kondoo, kumi na tisa." Namba sikuibuni. Ni idadi ya watoto wa chekechea ya Mama, inayofanyika sebuleni kwetu na uani. Kwa kelele hawana tofauti kubwa na kondoo.

Mhudumu wa zamu hakuisoma. Aliitupa kwenye trei, akanipa kamba, akasema mkaguzi ataipitia na kuja Jumamosi ijayo kuona mazingira. Akiridhika, mbwa ni wangu. Asiporidhika, kizimba cha saba.

Mama ametia sahihi yake kwa sharti moja. Mbwa akimgusa mtoto wa watu anarudi alikotoka siku hiyohiyo, na machozi nikalilie chumbani.

Nimemwita Kamusi. Binamu yangu, anayeishi nasi na kujiona amezaliwa na medali shingoni, amesema mbwa mwenye sikio bovu amempata bosi mwenye sauti mbovu, tutaelewana tu.

Jumatatu, 5 Agosti

Likizo yangu, siku ya kwanza; chekechea ya Mama inaendelea. Nimeazima maktaba kitabu cha kufunza mbwa wa kuchunga. Mbwa hawa hawaambiwi, hupigiwa mluzi! Mmoja mrefu: kusanya. Miwili mifupi: lala chini. Hakuna kusema hata neno. Ni kama mbwa huyu alitengenezwa kwa ajili yangu.

Tatizo: sijui kupiga mluzi.

Nimejifungia bafuni dakika arobaini. Kioo kimelowa. Mluzi, hakuna. Binamu akagonga mlango kuuliza kama kuna bomba linavuja. Kisha akasimama koridoni, akatia vidole viwili mdomoni, akatoa mluzi uliotikisa vikombe. Kamusi akaruka kitanda changu, akaruka kitabu changu, akaenda kukaa miguuni pake.

Msaliti! Binamu ameniambia, "Pole, Maktaba. Punguza mate."

Jumanne, 6 Agosti

Ufumbuzi! Kwenye droo ya Mama, chini ya chaki, kuna filimbi ya plastiki. Haijatumika tangu aliponunua kengele.

Nikaenda uani na Kamusi baada ya watoto kuondoka. Nikapuliza mara moja, ndefu. Kwa bahati mbaya Shangazi, aliyekuja kututembelea, alikuwa anapita na beseni la nguo.

Nakiri kwamba kazi ilikuwa safi. Kamusi hakubweka wala hakumgusa. Alizunguka kwa mbali, tumbo karibu na ardhi, macho hayapepesi, akamsogeza Shangazi hatua kwa hatua hadi kwenye pembe kati ya tangi la maji na ukuta. Akalala mbele yake. Nikasahau ni filimbi ngapi za kumwondoa. Nikaenda ndani kutazama kitabu. Nikakutana na sura nzuri sana kuhusu historia ya filimbi.

Shangazi amekaa pale dakika ishirini. Amesema hata marehemu mumewe hajawahi kumtazama namna ile.

Mama hakucheka. Amesema bado mara moja tu. Akachukua filimbi akaivaa shingoni, maana kengele yake nayo imekatika ulimi na itamfaa kwa kumaliza mapumziko. Kamusi atafungiwa chumbani kwangu saa zote za chekechea.

Sasa sina mluzi wala filimbi. Na Jumamosi mkaguzi anakuja kuona kondoo.

Jumatano, 7 Agosti

Kondoo wa kuazima. Ndiyo njia pekee.

Mtaa mzima hauna hata mmoja. Kuna Babu wa nyumba ya pembeni, mwenye mbuzi sita. Nimepita mlangoni kwake mara nne kabla ya kugonga. Mara ya tano alifungua mwenyewe, akauliza kama ninapima barabara.

Nikamweleza. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema, mjukuu wangu, toa sauti, hapa si hospitali. Mwishowe akaelewa. Atanipa mbuzi sita kwa saa moja Jumamosi. Malipo: miwani yake imevunjika, kwa hiyo nitamsomea gazeti barazani kila jioni kwa mwezi mzima. Kwa sauti. Barazani. Mbele ya watu wanaopita!

Nimekubali. Kamusi amelala miguuni pangu ninapoandika haya, kwa hiyo sikuwa na la kufanya.

Mkaguzi nitamwambia kondoo wangu ni wa aina ya pekee, wenye manyoya mafupi. Wale kumi na watatu wengine watakuwa malishoni.

Alhamisi, 8 Agosti

Mazoezi kwa Babu. Maafa!

Mbuzi mmoja alimtazama Kamusi. Kamusi akamtazama mbuzi. Mbuzi akapiga chafya. Mbwa wa kuchunga akageuka, akapita katikati ya miguu yangu, akaruka ua na kukimbia hadi uvunguni mwa kitanda changu. Nimemtoa kwa kipande cha mkate, saa moja na nusu baadaye. Alikuwa anatetemeka. Nimeingia huko chini kwanza, nikamsomea kidogo. Alitulia kwenye ukurasa wa tatu.

Binamu, aliyekuja kutazama bila kualikwa, alicheka mpaka akakaa chini. Babu alisema kwa upole kwamba amefuga miaka mingi lakini hajawahi kuona mbuzi akishinda vita kwa chafya.

Nilisoma gazeti jioni. Babu akanikatiza kila mstari: "Sauti, mjukuu wangu, sauti! Unawasomea sisimizi?" Kufikia matokeo ya mpira nilikuwa nasikika mpaka kwenye ngazi ya kwanza.

Mpango mpya wa kesho: kumfunga Kamusi kitambaa machoni.

Ijumaa, 9 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne kasoro. Watoto wako uani mapumzikoni. Nimejifungia chumbani na Kamusi. Mlango wa mbele ukagongwa. Nikamwacha Kamusi, nikamfungia mlango, nikaenda kufungua. Mama mmoja wa makamo, viatu vya mpira, faili kwapani, anahema. Mkaguzi! Siku moja kabla!

Akauliza kondoo wako wapi. Nikasema malishoni. Wote kumi na tisa? Wote.

Akakaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yakamfika kidevuni. Akasema ameisoma fomu yangu jana jioni na hajapata usingizi. Mbwa huyu amerudishwa na wafugaji watatu. Anaogopa kondoo. Anaogopa mbuzi. Anaogopa hata kalenda yenye picha ya kondoo, ilibidi waibandue ofisini. Swali la kumi na moja liliwekwa ili asipelekwe tena kwenye nyumba yenye mifugo. Yule wa zamu hakusoma, na ameshaambiwa yake. Akanishika bega akasema pole, binti, si kosa lako. Akatoa kamba mfukoni. Akauliza mbwa yuko chumba kipi.

Hakuna kondoo. Maneno mawili! Nikayasema. Hakusikia. Nikayasema tena. Akasema, "Eeh, mwanangu?" huku ameshashika kitasa cha mlango wa chumba changu.

Nikasikia Babu kichwani. Sisimizi.

"HAKUNA KONDOO!" nikapiga kelele. "NILIDANGANYA! HAKUNA HATA MMOJA!"

Sijawahi kutoa sauti ile. Mkaguzi alishtuka akafungua mlango bila kukusudia. Na kule uani, wakati uleule, Mama akapuliza filimbi ya kumaliza mapumziko. Mara moja, ndefu.

Kamusi akatoka kama risasi.

Nilikimbia nikijua yamekwisha. Mtoto wa watu, siku hiyohiyo, kizimba cha saba. Watoto walikuwa wametapakaa kama njugu zilizomwagika. Kamusi akazunguka kwa mbali, tumbo chini. Akawatoa wawili kwenye maua. Akamwendea yule anayejificha nyuma ya tangi kila siku, akamkazia macho tu, mtoto akatoka mwenyewe. Akawasogeza wote hadi kwenye bomba la kunawia mikono, akalala chini, akatulia.

Kimya. Kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu, kimya saa nne asubuhi.

Mama alikuwa na filimbi bado mdomoni. Akawahesabu. Kwa kawaida kuwakusanya humchukua dakika ishirini na tano na koo. Akauliza kwa sauti ya hatari kama mbwa amemgusa mtu. Hapana, Mwalimu, wakaitikia watoto. Mmoja tu alilia, na alilia kwa sababu hakuguswa.

Mkaguzi naye akawahesabu, kwa kalamu. Kumi na tisa. Akatazama fomu. Akanitazama mimi. Alisema watu humdanganya kila wiki kwamba hawana mifugo, lakini aliyejipa kondoo asio nao ni mimi wa kwanza. Akalikata neno "kondoo", akaandika "watoto", akasema mbwa asiwe nao bila mtu mzima. Mama akajibu upesi kwamba filimbi iko kwake na itabaki kwake.

Kamusi ni wangu!

Mlangoni mkaguzi aliniomba kitu kimoja: fomu ijayo nijaze ukweli tangu mwanzo, ataokoa mafuta ya gari. Nikasema ndiyo, na nilimaanisha. Ninaiandika hapa kwa wino: fomu ni mahali pa ukweli. Nimejifunza.

Jumatano, 14 Agosti

Barua kutoka kwenye makao. Fomu ya ufuatiliaji! Ukurasa mmoja tu.

Nimejaza maswali matano kwa ukweli mtupu. La sita: mbwa hupata mazoezi gani? Ukweli ni kwamba huzunguka nyumba mara mbili, nami nikiwa dirishani na kitabu. Lakini ukiandikwa vile unaonekana vibaya. Nikaandika: "Tunakimbia pamoja kilomita kumi kila alfajiri." Nani atakuja kupima?

Nimeipeleka mwenyewe. Njiani watu wawili walimsalimia Kamusi. Sikusema neno.

Ijumaa, 16 Agosti

Mkaguzi amempigia Mama simu. Amefurahi mno. Kumbe naye ni mkimbiaji, na anatafuta mwenzake. Atakuja Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri ili tukimbie wote zile kilomita kumi.

Binamu alikuwa karibu na simu. Bado anacheka. Amejitolea kunifundisha kukimbia kwa siku mbili, kwa malipo ya mimi kumwoshea vyombo zamu zake zote hadi mwisho wa mwaka.

Nimekataa. Nimepitia maktaba. Nimeazima kitabu cha mbio ndefu, kurasa mia tatu na kumi, na kingine chembamba zaidi, kinachoeleza dalili za kifundo cha mguu kilichoteguka.

Nimeanza na chembamba.