Nilivyoikalia Miwani ya Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeikalia miwani ya baba mkwe.

Sikukusudia. Nimerudi kutoka kazini, mgongo unaniuma kwa kuhesabu mabati stoo tangu asubuhi, nikajitupa kwenye kiti cha sebuleni. Kitu kikavunjika chini yangu. Nikajua kabla sijainuka. Kioo cha kulia kina ufa toka juu hadi chini. Mkono mmoja umekatika.

Mzee alikuwa bafuni. Ni fundi cherehani mstaafu, yuko kwetu tangu wiki iliyopita na cherehani yake, anamshonea shemeji gauni la harusi. Shemeji ndiye kitinda mimba wake. Mabinti wengine wote aliwashonea mwenyewe, mke wangu akiwemo, na huyu ndiye wa mwisho. Harusi ni wiki tatu zijazo. Bila miwani mzee haoni tundu la sindano.

Swali langu ni la haki: nani anaweka miwani kwenye kiti? Kiti ni cha kukalia. Mimi nimekitumia kwa kazi yake. Mwenye kulipa ni aliyeiweka pale. Lakini baba mkwe humwelezi hivyo, hasa kama kwa miaka saba unajaribu akupende walau nusu ya anavyompenda mwanyumba wako.

Mwanyumba ni mume wa dada yake mke wangu. Ana gari, ana mkoba wa ngozi, na kila sentensi anaianza kwa "kimsingi".

Nikaitia miwani mfukoni. Mzee alipotoka akauliza kama nimeiona. Nikaruka kimanga. Akaitafuta chini ya mito, nyuma ya kabati, ndani ya kikapu cha nyuzi. Nilimsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii kuliko yeye. Akanishukuru.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kazini nimeomba ushauri. Nikasema kuna rafiki yangu amekalia simu ya mtu.

Bosi akasema aliyeharibu alipe, hata kama kitu kilikuwa katikati ya barabara. Dereva wa lori akasema hapana, mwenye kitu ndiye mlinzi wa kitu chake. Wakabishana mpaka wateja wakapanga foleni. Mwishowe bosi akaniuliza kama huyo rafiki ni mimi. Nikasema ni jirani.

Nikatoka stoo na kichupa cha gundi, ile ya kubandika mabomba. Wakati wa chakula nikajifungia chooni nikafanya kazi ya ufundi. Mkono wa miwani ukashika vizuri. Kidole changu nacho kikashika. Kukibandua ikawa shughuli, na gundi ikatapakaa kiooni. Nikaifuta kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi. Kioo kikawa cheupe kama dirisha la bafuni.

Nimejiambia mzee ana umri, hatatambua.

Nimeichomeka chini ya jora la kitambaa cha harusi. Saa kumi na moja jioni ameiona, akaibusu. Akasema ameanza kusahau vitu. Nikamwambia uzee ni hivyo, Baba. Nilisema kwa upole sana.

Mke wangu ananitazama.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Siku mbaya.

Nimemkuta mzee amekaa mbele ya cherehani, mikono mapajani, gauni limelala sakafuni. Ameshona mkono wa kushoto mahali pa shingo. Mtu aliyeshona miaka arobaini na mbili. Ameshona, akalinyanyua, akaliangalia, ndipo akaona.

Alisema polepole, wala hakuwa analalamika, "Mwanangu, macho yangu yamefika mwisho. Naona ukungu mtupu."

Mke wangu akaingia jikoni. Nilimsikia akipenga kamasi.

Nikabuni mpango. Nikaleta kutoka stoo taa kubwa ile ya kumulikia mafundi wakifanya kazi juu ya dari. Nikaifunga juu ya cherehani. Mzee akasema sasa anaona ukungu unaong'aa.

Kisha akatangaza kuwa gauni apewe fundi mwingine. Na cherehani, kwa kuwa hataihitaji tena, apelekewe mwanyumba, maana kwake kuna nafasi.

Nimeshindwa kula. Si kwa ajili ya cherehani. Sawa, kidogo kwa ajili ya cherehani. Lakini zaidi ni vile alivyokuwa akipapasa kile kitambaa, akitafuta pindo kwa vidole, kama mtu anayeaga.

Kabla ya kulala nikamuuliza mke wangu, kwa mfano tu, mtu akiharibu kitu cha mwenzake kwa bahati mbaya, alipe nani. Akajibu bila kufikiri kwamba inategemea. Aliyesema siku ileile, wasaidiane. Aliyenyamaza, alipe yote, na aombe asijulikane.

Nikasema nauliza kwa ajili ya jirani. Akasema nimsalimie huyo jirani.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mwanyumba amekuja. Kimsingi, amesema, Baba anahitaji daktari wa macho, na kimsingi yuko tayari kumpeleka kesho kwa gari lake.

Daktari ataishika ile miwani. Daktari ana macho. Nikasimama nikasema hapana, Baba yuko nyumbani kwangu, nitampeleka mimi. Nikapigapiga na kifua. Mwanyumba akashangaa. Mzee akanishika mkono, akasema hakujua kama nina moyo namna hii.

Nilitamani sakafu inimeze.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mpango ulikuwa rahisi: miwani ipotee njiani. Bila miwani, hakuna ushahidi. Daktari ampime macho, amwandikie mpya, basi.

Kwenye chumba cha kusubiri nikamwambia mzee anipe nimsafishie. Nikaiacha kwenye benchi nyuma ya magazeti. Tulipoitwa, hatukufika hata mlangoni, mama mmoja mwenye bandeji jichoni akatukimbilia nayo. Jicho moja tu, na ameiona. Mzee akamwombea dua ndefu.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, akaigeuzageuza miwani dirishani. Akaikuna kwa ukucha. Akamuuliza mzee nani aliipaka gundi.

Mzee akasema gundi gani.

Ukutani kulikuwa na bango la jicho lililokatwa katikati, nikalisoma lote. Ningeweza kusema ni fundi wa miwani. Ningeweza kusema ni mwanyumba. Nilimtazama mzee, akawa amegeuza uso kunitafuta na ananikosa kidogo, anaangalia ubavuni mwangu.

Nikasema, "Baba, niliikalia. Jumatatu. Nikaigundisha, nikaiharibu zaidi. Macho yako hayana kitu."

Akainama, akafunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza baba wa watu mbele ya daktari. Nikapiga magoti. Ndipo nikasikia anacheka.

"Kumbe si macho," akasema. "Kumbe ni makalio."

Hata daktari akageuka ukutani.

Lakini hakutuachia. Akasema kwa kuwa tumeshafika, apime vyote. Akampulizia kitu jichoni, akamwambia atazame taa, akaandika. Kisha akavuta kiti karibu. Jicho la kushoto lina presha. Ni mwanzo tu. Haiumi, haionyeshi dalili, mtu anakaa nayo miaka huku inamla pembeni, na inachopoteza hakirudi. Mzee atatumia dawa ya matone kila siku na kurudi kupimwa. Akamuuliza alipimwa lini mara ya mwisho. Mzee akasema ni siku aliyopewa hiyo miwani. Miaka kumi na tisa.

Daktari akasema tungekuja miaka miwili baadaye, angekuwa na maneno mengine.

Tulitoka nje tukakaa kwenye ngazi. Jua zuri. Mzee akanishika goti. Nimepumua mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Miwani mpya imepatikana. Mzee ameivaa, amemtazama kila mtu kwa zamu, akasema mke wangu amependeza na mimi nimenenepa.

Kuhusu malipo kulikuwa na kikao. Mzee alisema yeye aliiweka kitini, mimi nikakaa, kwa hiyo tugawane nusu kwa nusu. Nikaona ni hukumu yenye busara. Mke wangu akasema ya kiti mtagawana, lakini gundi, thina, ukimya, na mshono ulioharibika ni vya mtu mmoja. Nikamtazama mzee aniokoe. Alikuwa anatunga uzi sindanoni, mara moja tu, umeingia.

Nimelipa yote. Mwanyumba alijitolea kunichangia. Nikamkatalia mbele za watu, nikakunja na mikono. Baadaye nikamfuata nje kumwambia nimefikiria upya, gari likawa limeshaondoka.

Mkono wa gauni umefumuliwa, umekaa mahali pake. Shemeji amelijaribisha akazunguka sebule nzima. Cherehani haiendi kokote. Mzee anasema ana wajukuu wa kike watatu wa kuwasubiri.

Jana alinipa chai kwa mkono wake. Hajawahi. Nimelala usingizi wa mtoto mchanga.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mwanyumba alipita kula na sisi mchana. Nilipokuwa natoa kigoda nje nikaligonga gari lake kidogo tu, mguu wa kigoda ukaingia kwenye taa ya nyuma. Imepasuka. Vipande vitatu.

Hakuna aliyeona. Nimeokota vipande, nimepaka tope kidogo ili pengo lisionekane. Na kwa kweli, nani anaegesha gari mlangoni ambapo vigoda hupita?

Nilikuwa nakwenda kumwambia. Nikafika hadi mlangoni. Kisha nikamfikiria baba mkwe na lile jicho. Gari la mwanyumba lina miaka mingi, sijawahi kusikia amelipeleka kwa fundi. Akilipeleka kwa ajili ya taa, fundi atachungulia na chini. Nani ajuaye atakuta nini kule.

Ameondoka. Nimempungia mkono mpaka alipokata kona.

Kesho nitampigia simu nimshauri, kama ndugu, akapime breki.