Choo cha Kukaa cha Mama Violeth

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Simu kutoka hospitali ya Kolandoto asubuhi. Binti yetu Violeth. Mguu wa mama yake umeunga vizuri, na Jumamosi ya tarehe 19 anamrudisha Geita. Nikapiga magoti palepale sebuleni kumshukuru Mungu. Goti likatua juu ya msumari. Nikamshukuru kwa sauti zaidi.

Sharti la daktari: mke wangu Melania asichuchumae kwa miezi sita. Choo chetu ni cha shimo, kiko nje, nyuma ya migomba, na ni njiani kwenda huko alikoteleza akavunjika. Violeth akauliza nimejipangaje. Nikasema kila kitu kiko tayari. Hakuna kilicho tayari.

Mpango: stoo iliyo ubavuni mwa chumba chetu iwe choo cha ndani. Cha kukaa. Cha kuvuta maji! Nitafanya mwenyewe. Nyumba hii marehemu baba aliijenga mwaka 1978 kwa matofali mabichi na mikono yake. Mimi nimefundisha Stadi za Kazi miaka thelathini na moja. Mtu aliyefundisha mikeka, vyungu na mifagio hawezi kushindwa na choo.

Jirani Abdulshakur, muuza vitenge, akachungulia juu ya ukuta na kusema anamfahamu fundi mzuri. Nikamwambia fundi ndiye anayezungumza naye. Akaitazama nyundo yangu. Akasema inshallah. Sikuipenda ile inshallah.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya kanisa, kutoboa mlango kati ya stoo na chumba cha kulala. Nilipima mara mbili kwa hatua za miguu. Mara ya kwanza nikiwa na viatu. Tindo, nyundo, vumbi, saa tatu za jasho. Tofali la mwisho likaanguka na nikachungulia kwa furaha.

Jikoni.

Nikatoboa ukuta wa pili. Huu ndio wa chumbani. Sasa choo kina milango miwili, na mtu akikaa anatazamana na sufuria ya maharage. Hata Abdulshakur, mwenye vigae mpaka barazani, hana choo cha milango miwili.

Jumanne, 8 Oktoba

Shimo la maji taka. Nimechimba tangu alfajiri. Kina: magoti yangu. Chini ni mwamba mtupu. Malengelenge saba, manne mkono wa kulia. Abdulshakur amerudia habari ya yule fundi. Nikajifanya nakohoa.

Jumatano, 9 Oktoba

Akili imerudi! Tuko Geita. Katika mji huu kuna watu wanaochimba mwamba kwa hiari yao, wakiimba.

Nimelifunika shimo kwa turubai. Kisha nikaketi barazani na beseni la maji, nikaosha jiwe moja taratibu, nikaliinua juani, nikalitia mfukoni haraka. Basi. Sikumwambia mtu yeyote kuna dhahabu. Kuosha jiwe si uongo. Ni usafi.

Kabla ya saa saba akaja Theonest wa mtaa wa pili, mchimbaji wa Nyarugusu aliyerudi kumwona mkewe. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Akauliza kwa sauti ya chini habari za mawe. Nikamjibu kwamba sina la kusema. Nalo ni kweli tupu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Theonest amekuja na wenzake watatu, sururu, moko za kupasulia mwamba na kamba. Makubaliano: wao wanachimba, kitakachopatikana tunagawana nusu kwa nusu. Nusu nzima ya kitu ambacho hakipo. Nilijiona mkarimu.

Vijana wana kazi, Mungu awabariki! Mpaka jioni mita tatu, kuta zimenyooka kama rula. Nikatangaza kwamba inatosha. Wakacheka sana. Theonest akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba hili sasa ni duara, shimo la dhahabu, na duara halina kutosha mpaka likutane na mwamba wenye dhahabu.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimetoa sadaka ya shukrani kwa ajili ya mguu wa Melania. Nimerudi nyumbani nikajilaza kidogo. Nikasikia nyundo. Ko, ko, ko. Inatoka chini ya kitanda.

Duara limefika mita saba, na wamekata kona kufuata mstari wa jiwe jeupe. Mstari unaelekea chini ya stoo. Nikamwita Theonest juu na kumwomba warudi nyuma, wataharibu choo. Akauliza choo gani. Nikasema nilikuwa nakohoa.

Jumanne, 15 Oktoba

Naandika haya kabla sijanawa matope.

Saa tisa alasiri, mvua ya kwanza ya msimu. Si manyunyu, mvua ya kumwaga. Maji yakashuka duarani kama mtu anayejaza pipa. Nilikuwa nimeshika kamba. Wakatoka mmoja mmoja, Theonest wa mwisho, matope mpaka kwenye nyusi. Hakuwa amemaliza kufuta uso pale kona ya stoo ilipokaa chini. Ilikaa tu, polepole, kama ng'ombe aliyechoka. Ukuta ukapasuka nafasi ya kupitisha mkono. Bati likainama. Na chini, pale walipokuwa dakika moja nyuma, udongo mtupu.

Watu wanne. Kwa ajili ya jiwe nililoliosha kwenye beseni.

Nikakaa matopeni nikasema yote. Hakuna dhahabu. Haikuwepo hata siku moja.

Theonest akageukia shimo, kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, kwa hiyo sisi tumechimba choo?"

"Ndiyo. Cha mke wangu. Kwa sababu ya mguu wake."

Wenzake wakaokota sururu zao wakaondoka bila kuaga. Walikuwa na haki hata ya kunipiga. Theonest alibaki amechuchumaa kwenye mvua. Akauliza kama mke wangu ndiye yule Mama Violeth aliyekaa siku tatu na mkewe alipojifungua kwa shida. Nikasema ndiye. Akasimama. Naye akaondoka.

Zimebaki siku nne. Nina shimo lisilofaa, choo chenye milango miwili na nyumba inayoegemea Shinyanga.

Jumatano, 16 Oktoba

Saa moja asubuhi, mkokoteni mlangoni. Umejaa mirunda. Nyuma yake Theonest, na wenzake wote watatu. Hawakunisalimu. Wakaingia stoo na kuanza kuinua paa na kulisimamisha kwa mirunda, mmoja baada ya mwingine. Watu wanaozuia ardhi isiwaangukie kila siku hawashindwi na bati la marehemu baba.

Abdulshakur hakufungua duka. Kaleta matofali ya kuchoma yaliyobaki alipojenga ukuta wake, na yule fundi. Fundi ni mwanamke, anaitwa Philomena, ana timazi shingoni kama mkufu. Akaizunguka nyumba mara moja. Akauliza nani alitoboa kuta hizi. Nikasema ni marehemu baba. Philomena akapapasa matofali ya zamani, akasema hapana, aliyejenga hapa aliijua kazi. Aliyetoboa ni mwingine.

Zuhra, mke wa Abdulshakur, alituletea wali na maharage, sinia mbili. Nilipewa kazi ya kushika ngazi. Baadaye nikapewa kazi ya kukaa mbali na ngazi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kona imejengwa upya. Mlango wa jikoni umezibwa. Kesho Philomena anafunga choo chenyewe na mabomba. Duara limejazwa mawe mpaka mita tatu na kufunikwa zege. Philomena anasema hata hivyo ni shimo la kuwatosha mpaka vitukuu.

Mmoja wa wachimbaji leo amenisalimu. Nilifurahi nikamwaga maji ya zege.

Jumamosi, 19 Oktoba

Amerudi!

Ameshuka garini na magongo mawili na Violeth ubavuni. Amekonda, anacheka. Majirani wote uani. Nikamwongoza chumbani, wengine nyuma yetu, nikafungua mlango mpya. Akaingia, akafunga. Abdulshakur alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha maji yakavutwa, na sote tukapumua.

Akatoka amelowa macho. Akaniuliza kama nimefanya mwenyewe.

Watu saba walinitazama.

"Nimesimamia," nikasema.

Philomena alipaliwa na chai. Theonest akageuka ukutani, mabega yanacheka. Angeweza kusema. Yeyote angeweza kusema! Abdulshakur ndiye aliyesema: "Mzee amejitahidi sana, Mama Violeth. Alikuwa anakuwaza wewe tu." Basi. Hakuongeza neno.

Melania akamzungukia kila mmoja kwa magongo yake, akimshika mkono. Mimi nilikwenda kutazama migomba kwa muda. Kulikuwa na vumbi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sijawahi kuzungukwa na watu wema namna hii. Nimemwambia Mungu hivyo asubuhi. Lakini kumwambia Mungu peke yake hakutoshi. Mtu aliyefunga duka lake siku mbili kwa ajili yangu anastahili vitendo.

Abdulshakur na Zuhra wamesafiri kwenda Tabora harusini, mpaka Ijumaa. Wametuachia kuku tuwalishe. Nilipokuwa nalisha nikaona geti lao kubwa la chuma linakwaruza sakafu likifunguliwa. Jambo dogo. Linataka kuinuliwa sentimita mbili tu. Nikafikiria kumwita Philomena. Kwa geti? Miaka thelathini na moja ya Stadi za Kazi!

Saa nne: nimetoa bawaba ya juu. Rahisi mno.

Saa nne na nusu: nimetoa ya chini.

Saa nne na dakika thelathini na moja: Melania ananiita dirishani, anauliza kilichoanguka kwa jirani ni nini. Nimemjibu ni shukrani.