Muuaji Aliyekamatwa Hedaru

Jumatatu, 5 Julai 1971

Gari la sinema linakuja Saba Saba. Picha imetokana na kile kitabu cha Kiingereza alichoniachia marehemu Method. Mwimbaji wa kike anakutwa amekufa, mpelelezi anatafuta, anatafuta, kitabu kinaisha. Muuaji hajulikani. Mimi na Method tulinuniana wiki nzima kwa kubishana ni nani.

Anayetafsiri kwenye kipaza sauti ni Bartholomeo wa Same. Hajakisoma. Hutafsiri kama anatangaza bei ya pamba. Kazi ile ni yangu, na kiti cha mbele cha gari ni changu. Wakubwa hawajajua tu.

Jumanne, 6 Julai

Nimepanda mlimani kufuata dengelua, pombe yetu ya miwa. Ya Bartholomeo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikapita kwa Mama Method. Tangu mwanawe aokotwe ameuawa kwenye shamba la mkonge, baiskeli imeibwa, kila siku ya gulio anashuka kituo cha polisi. Anaambiwa uchunguzi unaendelea. Hajaanua matanga. Bado analala chini, kwenye mkeka wa msiba, na amesema hatainuka mpaka ajue nani. Nikamwamkia. Kwa kumfariji nikasema uongo: kesho kuna sinema, mtu kauawa kama Method, na mwishoni muuaji anakamatwa. Akasema anajua sinema ni maigizo. Ila angependa kumwona japo mmoja akikamatwa. Nimeshuka na mtungi kichwani na moyo mzito.

Jumatano, 7 Julai, Saba Saba

Ushindi! Bartholomeo kalala chini ya gari, anakoroma. Kipaza sauti mkononi mwangu.

Uwanja umejaa. Picha yenyewe giza tupu. Wanaume wamevaa makoti ya mvua, na Hedaru mvua tunaisikia kwa jirani. Mzee mmoja akataka waletewe karabai waonane. Mama Method alikaa mbele kabisa, kanga ya msiba mabegani.

Mwisho ukakaribia. Kwenye kitambaa alibaki mtu mmoja tu, mpelelezi, anatembea mvuani. Nikamkamata yeye. Nikatangaza kwamba kumbe ndiye aliyeua, amekiri, anapelekwa kunyongwa, na anamwomba radhi mama wa marehemu. Makofi mpaka stesheni. Mama Method akalia kwa sauti. Nami nikalia, nikasahau kuzima kipaza sauti.

Alhamisi, 8 Julai

Ameanua matanga. Mkeka umekunjwa, umeegeshwa ukutani. Majirani wamekula makande, mimi sahani mbili, nimekaa na wazee. Bartholomeo amezinduka na kuondoka na gari kwenda Ndungu, kwenye kiti changu. Hakuaga.

Kisha Mama Method akasema kaka yake yuko Ndungu. Atapanda lori kesho, akamwonyeshe naye yule mtu akikamatwa. Nikamshauri asiende, barabara ni mbaya. Akanijibu kwamba ameshapita pabaya kuliko hapo.

Ijumaa, 9 Julai

Amekwenda. Nimeomba lori lipate pancha. Nimeomba mvua. Sala zangu hazina nguvu.

Jumamosi, 10 Julai

Amerudi. Bartholomeo alitafsiri neno kwa neno, yule mpumbavu mwaminifu. Mpelelezi kabaki mpelelezi. Muuaji hakupatikana. Watu wa Ndungu wakaenda zao kulala.

Mama Method hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole, huyu mtu kati ya Hedaru na Ndungu kamhonga nani. Nikasema labda ni hitilafu ya mashine. Akanitazama kama anavyomtazama yule askari wa kituoni. Kisha akautandika mkeka, akalala, akageukia ukutani.

Nilikaa pale mlangoni hadi kuku wakaingia ndani. Nimemlilia Method leo kuliko siku tuliyomzika. Angekuwepo angenicheka, kisha angeniambia la kufanya. Hata kwenye kile kitabu yeye ndiye aliyekuwa akisema muuaji hatajulikana, mimi ndiye niliyekuwa nikikataa.

Jumapili, 11 Julai

Sikwenda kanisani. Nimewaza, na nimegundua kosa langu: nilimkamata mara moja tu.

Jumanne gari liko kijiji cha Bendera. Nimerudi kwa Mama Method kumweleza kwamba kule atakamatwa tena, na safari hii nitamfunga minyororo. Alinisikiliza akiwa amelala palepale mkekani. Hakuuliza nauli wala saa ya lori. Aliuliza kitu kimoja tu, kwamba baada ya Bendera gari linakwenda wapi.

Nikamwambia sijui, nitaulizia.

Nimeagiza dengelua, mitungi miwili.