Lori la Jeshi na Mahari ya Anyitike

Jumatatu, 3 Mei 1993

Nimenunua lori! La jeshi. Magurudumu sita, kila moja linanifika kifuani. Kule mnadani Mbeya hakuna aliyethubutu kupandisha bei baada yangu. Nilipotaja yangu watu wote walinyamaza, wakanigeukia. Heshima hiyo sijaipata tangu nizaliwe.

Limefika hapa nyumbani Masoko jioni. Halikuja lenyewe. Ilibidi livutwe kwa mnyororo, na mwenye gari la kulivuta aliyepatikana ni Andongwisye peke yake, jirani yangu, ambaye tangu anunue Isuzu yake ya kubebea ndizi anatembea katikati ya barabara. Tulipita Tukuyu mjini mchana kweupe. Nilikaa kwenye usukani nikawapungia watu mkono huku na huku, kana kwamba mimi ndiye ninayemsukuma yeye.

Mke wangu Tusekile alilizunguka lori mara moja, akauliza injini iko wapi. Nikamwambia ipo, kwenye magunia mawili. Magunia wametupatia bure! Akauliza na ng'ombe watatu wa mahari ya mwanetu Anyitike wako wapi, mbona zizi jeupe. Nikamwambia wameingia kwenye uzalishaji. Amelala bila kuniaga.

Wanawake hawaelewi uchumi. Siku hizi biashara ni ruksa. Ushirika uliponipunguza kazi ya ukarani nililia, lakini sasa naona nilikuwa nafunguliwa mlango. Harusi ni tarehe 22. Makubaliano na Mzee Obed wa Nkunga, baba wa bibi harusi, ni kwamba ng'ombe wafike kwake kabla padri hajafungisha ndoa. Bila ng'ombe, hakuna binti. Sawa! Mpaka siku hiyo lori litakuwa limebeba ndizi na kuzaa ng'ombe watano. Watatu wa Obed, wawili wangu. Sijui kwa nini nchi hii ni maskini.

Ijumaa, 7 Mei

Mvua. Fundi amewasili kutoka Mbeya, anaitwa Fred. Anasema ametengeneza magari mengi ya jeshi. Nilipomuuliza jeshi la nchi gani, akaomba chai.

Amemwaga magunia yote mawili uani na kutandaza vyuma juu ya majani ya migomba. Chini ya boneti tumekuta panya na ukoo wake mzima. Kwenye bodi kumeota mchicha, tena mzuri, majani mapana. Tusekile ameuchuma, tumeula na ndizi. Nikamwambia unaona, uzalishaji umeanza. Hakucheka.

Andongwisye kapita, kasimama, kauliza kama tunachimba kisima.

Jumatano, 12 Mei

Injini imeingia mahali pake! Vyuma vichache vimebaki uani. Fred anasema waliolitengeneza waliweka vya ziada, kwa ajili ya vita.

Stata haimo. Tangi linavuja, tumeliziba kwa sabuni ya kufulia. Mkanda wa feni tumeusokota kwa kitenge cha Tusekile. Sikujua kuwa ndicho alichokuwa amekiweka kwa ajili ya harusi. Sasa najua. Breki zipo, ila mtu akizihitaji inabidi aanze kuzikanyaga mapema.

Wanaume wa jirani wakaja kusukuma, wakaliachia kwenye mteremko. Likakohoa. Likatoa moshi mweusi mpaka kuku wakaingia ndani. Likawaka! Nimelia machozi mbele za watu. Nimeliendesha mwenyewe hadi dukani, nikipiga honi. Pale dukani ni tambarare. Likazima, likakataa katakata, na wanaume walewale wakaja kulisukuma hadi nyumbani. Wengine hawakuitikia nilipowashukuru.

Lakini nimeng'amua jambo. Gari lisilo na stata linataka tu kuegeshwa mteremkoni. Na Rungwe hii ni nini kama si miteremko mitupu? Mungu aliiumba wilaya hii kwa ajili ya lori langu.

Jioni amekuja Rodrick, mdogo wake Obed. Mtu mpole. Amekunywa chai, amesifu mvua, kisha akasema kaka yake anasalimu na anaulizia mifugo. Nikasema tunawanenepesha kwanza. Akaomba kuwaona. Nikasema wamelala.

Jumamosi, 15 Mei

Uonevu! Alhamisi ofisa mmoja wa mjini kaniambia raia haruhusiwi kuendesha gari lenye rangi ya jeshi. Nilipaka upya siku hiyohiyo kwa nilichokuwa nacho, yaani rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka bati na nyeupe iliyobaki kwenye madirisha. Nilichanganya ili itoshe. Imetosha. Andongwisye kasimama tena, kalitazama muda mrefu, kasema hajawahi kuona lori lenye rangi ya ufizi. Wivu.

Safari ya kwanza ya biashara imefanyika leo. Kina mama wenye ndizi wamezoea kukusanyika pale njia panda, na njia panda ni tambarare. Sikuweza kusimama. Niliwaelekeza kwa ishara warushe mikungu likiwa linatembea. Mingine iliingia. Mmoja umevunja taa. Petroli nayo inanywewa namna ambayo sijaona hata kwenye pombe ya msiba. Mapato yote yaliishia tangini, na sabuni ikaachia tulipokaribia Tukuyu.

Ng'ombe mpaka sasa: hakuna. Ila biashara yoyote huanza hivyo.

Jumatano, 19 Mei

Anyitike amekuja. Kijana wangu mkubwa, yuko stoo ya dawa hospitali ya misheni Igogwe, na mchumba wake Jenifer ni muuguzi hapohapo. Alikwenda moja kwa moja zizini. Alisimama pale mvua inamnyeshea. Nilimweleza soko huria tangu mwanzo hadi mwisho. Hakunipigia kelele, na heri angepiga. Alisema tu, "Baba, wakimrudisha Jenifer kwao, mimi sioi tena." Nimejisikia vibaya sana, hadi wakati wa kula.

Katikati ya chakula nikapata wazo! Nikaondoka mkono una ndizi, nikadandia gari hadi Nkunga, nikamweleza Obed ukweli, au sehemu yake. Kwamba ng'ombe watachelewa kidogo, lakini kwa heshima ya familia yake mimi mwenyewe nitawachukua bibi harusi na ndugu zake wote kwa lori langu, kutoka Nkunga hadi kanisani Igogwe. Lori zima! Bibi harusi gani wa Nkunga aliwahi kusindikizwa na magurudumu sita? Obed akasema sawa, siku hiyo nikiwafikisha salama atangoja ng'ombe.

Nilikuwa nimeshanyanyuka. Ndipo dada yake Obed, bibi mmoja mkali anaitwa Anyelwisye, akauliza kutoka kona ya jiko nani ataendesha.

Lo. Kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake. Akimsikia anakohoa njiani anaingia migombani mpaka apite. Jenifer ni muuguzi, amesoma, angeweza kulipuuza, lakini shangazi yake halipuuzi. Kanisani, alisema, kuna shela. Ndani ya lori kuna nini? Nikasema ataendesha Fred. Nimerudi kumwuliza Fred. Anasema kazi yake ni kutengeneza tu, kupanda hapandi.

Basi ni mimi. Nimepigilia ubao kwenye kidirisha cha nyuma ya kebini. Juu ya ubao nimeweka turubai. Nitaingia kwanza, nitatazama mbele tu, na bibi harusi atapandia nyuma. Nimetuma habari Nkunga. Anyelwisye amekubali, mradi shingo yangu isigeuke.

Jumamosi, 22 Mei

Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto.

Asubuhi ilikuwa njema. Lori limepambwa maua na majani ya migomba, limewaka kwa msukumo wa kwanza, nimefika Nkunga na kuliegesha mteremkoni. Nikakaa nimekaza shingo. Nyuma nikasikia vigelegele, watu wakipanda, wimbo. Nikaachia breki. Tukateremka kama wafalme. Nilijisemea, Lukasi, leo umefika.

Baada ya kijito kuna kilima. Katikati ya kilima, kwenye tope, likazima.

Njia ya kuliwasha ilikuwa moja tu, liachiwe lirudi nyuma kwa rivasi hadi lishike. Mtoto mdogo angelijua hilo. Lakini vijana wengi walikuwa wametangulia kwa miguu, waliobaki ni kina mama na wazee, na magurudumu yamezama. Wote wakashuka kulikwamua. Na bibi harusi akashuka, nasikia, kapandisha gauni, kavaa mabuti ya mvua, kaweka bega. Sikumwona! Anyelwisye alikuwa ameshanikumbusha vioo vya pembeni. Nilivifunika kwa soksi zangu.

Sasa fikiria wewe. Kurudi rivasi lazima mtu atoe kichwa dirishani atazame nyuma. Nyuma yupo mke wa mwanangu. Nikigeuka, nimevunja mwiko mbele ya ukoo wake wote siku ya harusi yake. Nisipogeuka, sioni ninakokwenda. Ningefanyaje? Nilichagua heshima. Anyelwisye akasema atanielekeza kwa sauti. Akapiga kelele wote wakae kando, kisha akaanza: kulia, kulia, gwe Lukasi, kulia! Nikaenda kulia. Kumbe yeye alikuwa amesimama mbele ya lori ananitazama, na kulia kwake ni kushoto kwangu.

Lori liliondoka barabarani taratibu, bila hasira, likapita migomba kadhaa na kulala ubavu kwenye mfereji. Hakuna aliyeumia. Nilitoka kupitia dirishani nikiwa nimefumba macho.

Na nani atokee kilimani wakati huo? Andongwisye! Na Isuzu yake imeoshwa. Alikuwa anakwenda harusini kama mgeni. Akashuka, akamsalimia Anyelwisye, "Ndaga, mama," kwa unyenyekevu ambao hana, akawapakia wote. Mimi nikaulizwa kwa adabu nitapandaje ikiwa bibi harusi yumo. Nikasema nitatembea.

Nilipofika Igogwe watu walikuwa wanakula. Ndoa ilikwisha. Nimekosa kumwona mwanangu akivishwa pete. Nilisimama nje ya turubai la wageni na tope hadi magotini, nikaona uchungu ambao sikujua ninao. Anyitike akanifuata, akanipa sahani aliyoiweka kando. Akasema Mzee Obed amekubali kungoja, amesema hawezi kulirudisha gari la bibi harusi nusu njia. Ila ng'ombe wafike wiki hii. Nyama ilikuwa imepoa, nimeila yote.

Jumapili, 23 Mei

Kikao cha ukoo hapa nyumbani. Kaka yangu mkubwa Jotham alikuja akiwa ametanguliwa na ng'ombe watatu kutoka zizini kwake. Mmoja ana mimba. Hakunitukana. Alisema Obed ametoa binti kwa neno tupu, na neno lenyewe ni langu, na jina la ukoo liko juu ya kamba hizi tatu. Kesho kutwa alfajiri niwapeleke Nkunga kwa mkono wangu, ili watu waone. Kisha akaniwekea mkono begani. Nililia, Tusekile akalia, hata Fred akalia ingawa alikuwa hajalipwa.

Nimeapa mbele ya wote, mkono juu ya Biblia ya marehemu baba, kwamba sitagusa tena kitu chakavu. Ninamaanisha. Lori nimemwachia mwenye mfereji. Nasikia ameshaanika maharage juu yake na mbuzi wamelala ndani. Sitaki kulisikia tena. Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 24 Mei

Fred amekuja kuaga. Ni mtu asiye na kinyongo. Tulikunywa chai, na katika kuzungumza hili na lile akataja, wala sikumwuliza, kwamba wiki hii kule mnadani wanauza boti. Ya chuma. Ya jeshi. Ina matundu machache tu, na Fred anasema boti ni rahisi kuliko lori kwa sababu haina gia.

Ameondoka. Naona mwanga. Ziwa letu la Masoko liko pale chini tangu kuumbwa kwa dunia, na halina chombo hata kimoja cha biashara. Hakuna tope! Hakuna kilima! Breki za nini majini? Na Andongwisye, pamoja na Isuzu yake, hana boti. Hana hata wazo la boti!

Najua Tusekile atauliza watu watavuka waende wapi, ikiwa ziwa lenyewe mtu analizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Hilo ni swali la mtu asiyejua soko huria. Kwanza chombo, abiria watajileta.

Ng'ombe wa Jotham wamefungwa hapo nje, naona wamenona. Obed ni mtu mvumilivu, tena amekwisha zoea, na binti ameshaolewa, hawezi kuolewa nusu. Nikiinunua boti kesho, kufikia Agosti nitampelekea sita badala ya watatu. Atanishukuru mwenyewe.

Tusekile ananifungia ndizi za kuchoma za safari. Ameniombea na baraka, amesema ananiona nimebadilika. Nimemwambia alale, nitaondoka na ng'ombe kabla hakujapambazuka. Bahati njema, mtu akitoka huku kwetu, njia ya kwenda Nkunga na ya kwenda Mbeya ni ileile.