Malalamiko Kuhusu Sahani Kubwa

Kwako Dada, Msimamizi Mkuu wa Jiko,

Pole na kazi. Najua tunaishi nyumba moja na tunagawana hata kitana, lakini mambo mengine ukiyasema kwa mdomo yanageuka ugomvi. Tangu nianze kupunguza mwili unanionea, nami nalalamika hivi:

1. Unanipakulia kwenye sahani kubwa mbele ya watu, ilhali unajua fika mimi hula kwenye kisahani cha kikombe. Sahani kubwa inanitisha. Nikiiona tu nakunywa glasi tatu za maji, ili tumbo lijue bosi ni nani.

2. Unatangaza eti sili. Uongo mtupu! Nakula sana, ila kwa utaratibu. Kiazi kimoja nakikata vipande kumi na sita, navizungusha kwenye kisahani, vikichoka nakula viwili. Vile ninavyochota sufuriani nimesimama, mlango nimeurudishia, havihesabiki. Chakula cha kusimama si chakula.

3. Umeificha futi yangu. Mimi ni fundi cherehani, nitapima wateja kwa macho? Sawa, najipima kiuno kabla ya kula na baada ya kula, lakini hapo nakagua tu kama futi bado nzima.

4. Hili ndilo lililoniudhi hasa. Jana mchana mwanao, mtoto wa miaka saba, alikata mkate vipande kumi na sita, akaomba kisahani, akanywa glasi tatu za maji, akasema ameshiba. Badala ya kumkemea, ukanikodolea macho mimi! Nimefanya nini? Sijamfundisha kitu. Mimi hukaa tu pale mezani, kila siku, mkabala naye.

Kwa hiyo naomba sahani kubwa ipigwe marufuku, nirudishiwe futi yangu, na mtoto aonywe vikali aache ujinga huo mara moja.

Nisalimie shemeji na wote wa mezani, bila kumsahau paka, maana ndiye pekee aliyenufaika na mpango wangu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye afya tele, isipokuwa nikisimama ghafla.

Tanbihi: Nimemkuta mwanao sasa hivi anajipima kiuno kwa uzi wa cherehani yangu. Dada, futi usinirudishie. Leo mchana nipakulie kwenye sahani kubwa, mbele yake, nami nitakula. Naogopa, sikufichi. Kaa karibu yangu, ila usinitazame sana.