Kiti Kimoja, Kutoka Mlango Hadi Mlango

Jumatatu, 7 Septemba

Mama mkwe anakuja Jumapili! Mama Bibiane mwenyewe, kutoka Mwene-Ditu, treni ikipenda. Mara ya mwisho kiti chetu kilivunjika chini yake katikati ya sala. Akahamia kwa Ghislain, mkwe mwenzangu, mume wa Angèle, dada wa mke wangu Viviane. Nyumba ya pili kutoka hapa! Mke wangu alilia wiki nzima. Leo Viviane amesema wazi: mama akienda tena kwa Angèle, yeye naye atabeba godoro amfuate. Hatanii. Na godoro ni moja tu.

Ghislain amenunua viti vya ngozi. Nailoni hajaivua. Anawaita watu waje wasikie vinavyolia mtu akikaa.

Nitamwonyesha. Nimeona kwenye simu: matajiri wa Ulaya wamechoka na ngozi. Sasa wanataka udongo, magogo, matete, mawe. Vitu vya asili! Vitu ambavyo hapa Kikula tunavikanyaga kila siku. Kumbe mimi ni tajiri na sikujua.

Jumanne, 8 Septemba

Nimempa Dodo, fundi seremala, viti vyote vya zamani. Amenipa magogo na matete. Viviane ameuliza tutakaa wapi. Nimemwambia asubiri. Hajapenda, neno hilo analisikia tangu harusi.

Nimechimba kichuguu nyuma ya choo. Udongo safi, unanata kama bukari, ugali wetu. Mchwa hawakufurahi. Mguu wa kulia umevimba.

Alhamisi, 10 Septemba

Kimesimama! Kiti kimoja cha udongo, kimezunguka sebule yote, kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa jikoni. Hakuna pengo. Ukoo mzima utaenea. Kuta nimezipaka chokaa ya Kakontwe. Mikono yangu pia, kwa bahati mbaya. Inawaka moto, lakini ukuta unapendeza.

Tatizo: kiti hakikauki. Nikawasha mbabula mbili ndani, majiko ya makaa. Majirani wakaja mbio na ndoo za maji. Sasa hakikauki kabisa.

Ijumaa, 11 Septemba

Jua kali. Kimekauka!

Ghislain amekuja kupeleleza, eti anaomba chumvi. Mwanamume mzima, chumvi! Alitazama kona hadi kona. Akauliza kama kiti chote ni kimoja. Nikamjibu kimoja, ndugu yangu, hakuna hata ufa wa kupitisha panya. Akacheka mpaka akajishika ukutani, akaondoka na chokaa mkononi. Chumvi kaisahau. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Jumamosi, 12 Septemba

Viviane amekaa! Mikeka chini, mito ya majani makavu mgongoni. Akaegemea. Kisha: "Tshimanga, kumbe weye iko na mayele." Mimi, akili! Nikamwomba arudie. Akakataa, lakini amenipikia sombe na samaki. Habari za kubeba godoro hazijasikika tena. Nimefurahi kuliko siku ya harusi.

Jumapili, 13 Septemba

Treni imependa. Mama Bibiane ameingia, amekaa, amepapasa udongo. Akasema una ubaridi mzuri, unanukia nyumba ya mama yake. Akavua viatu! Kwa Ghislain hajawahi kuvua viatu. Angèle alikunja uso. Mimi nilitaka kuruka.

Nikaenda kukaa ng'ambo, karibu na mlango wa jikoni.

"Buko wangu," Mama akaniambia mimi mkwe wake polepole, macho chini, "weye utaikala wapi?"

Nikatazama kiti. Kutoka mlango hadi mlango. Kwetu Waluba wa Kasai, mkwe haketi kiti kimoja na mama mkwe wake, hata wakitenganishwa na kwaya ya parokia. Ni heshima. Najua tangu utotoni. Nimewahi kumsema mtu kwa jambo hilo hilo! Nikae juu ya ndoo katikati ya sebule, nikimkodolea macho? Ingekuwa aibu zaidi. Viti vyangu? Dodo amekwisha kuvigeuza banda la kuku.

Ghislain alifika amebeba kiti chake mwenyewe, akakiweka kando, mlangoni, akakaa kama mfalme. Alikuwa anajua tangu Ijumaa, mshenzi yule.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mwenyeji amekula nje, juu ya ndoo ya chokaa.

Jumatano, 16 Septemba

Mama hataki kusikia habari za kwa Angèle. Atabaki hadi Noeli! Viviane anaimba akifagia. Mimi sebuleni napita tu, tena nakohoa kwanza. Jioni nakaa kwa Ghislain, juu ya nailoni. Inalia kila nikipumua. Naye anacheka kila ikilia.

Basi! Nimepata dawa. Uani. Uani ni kwangu. Kichuguu kimebaki nusu. Nitajenga kiti cha udongo kuzunguka ua wote, kutoka lango hadi choo, na matete juu kwa kivuli. Kimoja, kirefu, bila pengo. Safari hii hata Viviane ameunga mkono mara moja. Anasema mama yake anapenda sana kupunga hewa jioni.

Naanza kesho asubuhi.